Obokano Iliyopelekwa Nairobi

"Ongea Kiswahili, mzee, ndio nikusaidie," msichana wa kaunta alimwambia baba yangu, na tabasamu halikumtoka usoni.

Alikuwa Mgusii kama sisi. Jina lake, Linda, lilikuwa limebandikwa kifuani, na sauti yake ilikuwa ya watu wa Nyanchwa, kilima ambacho ungekiona kama ungesimama mlangoni mwa duka na kuinua macho. Lakini wakubwa wao wa Nairobi walikuwa wameagiza kwamba mteja ahudumiwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na Linda alikuwa mfanyakazi mzuri. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, aliikumbatia obokano yake kifuani akanigeukia. Katika Ekegusii alikuwa mtu wa kunyamazisha arusi nzima kwa neno moja. Katika Kiswahili alikuwa kama mtoto aliyevalishwa viatu vya mtu mwingine.

"Mimi nataka," alisema polepole, "hii kitu yangu iwekwe stima."

Linda alitazama ile ala kubwa. Bakuli lake la mti lilikuwa na upana wa karai la kuogea, limewambwa ngozi ya ng'ombe iliyokwisha kuwa nyeusi kwa moshi na jasho, na juu yake mikono miwili ya mti ilishikilia nyuzi za mishipa ya ng'ombe.

"Inaitwaje kwa Kiingereza?"

"Haina Kiingereza," nilimjibu.

"Basi tutasema gitaa," alisema kwa upole, akaandika.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nne. Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi karibu na kwetu Nyansiongo, na Tata aliniomba niandamane naye mjini Kisii kwa sababu hiyo tu, nimsaidie maneno. Duka lile lilikuwa jipya na lilisifiwa kila mahali. Lilikuwa tawi la duka kubwa la Nairobi. Vinanda, ngoma, tarumbeta na spika zenye urefu wa mtu vilipangwa ndani, na kama ulikuwa mbali uliweza kuagiza kwa simu ukaletewa mzigo wako kwa basi. Kwaya zote za kanisa, za Kiadventista na za Kikatoliki, zilinunua huko. Watu walisema jambo moja juu ya lile duka: pale mteja anaheshimiwa.

Tata hakwenda huko kwa tamaa ya vitu vya kisasa. Alikwenda kwa aibu. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amealikwa kupiga kwenye arusi kwa mzee Obwocha, na vijana wa disko walikuwa wamealikwa pia. Walipofungua spika zao, obokano haikusikika tena. Nilimwona akiendelea kupiga. Vidole vilicheza, akafungua na kufumba midomo, na hakuna aliyesikia kitu, hata mimi niliyekaa hatua chache kutoka kwake. Kisha mjomba wa bibi arusi akamgusa bega akamwomba asogee, maana alikuwa amekalia waya wa umeme. Tata alisogea. Asubuhi yake akamwambia mama kwamba amesikia kuna duka linaloweza kuipa obokano sauti ya umeme.

Mtu angeuliza kwa nini asitengeneze nyingine, hii akaiacha salama nyumbani. Tata hakujua kuchonga. Obokano ile ilichongwa na kaka yake, Obadiah, aliyeuawa na nimonia kabla mimi sijazaliwa. Obadiah alichonga na Tata akapiga, ndivyo walivyogawana tangu ujanani. Baada ya kumzika kaka yake, Tata hakupiga ala nyingine yoyote.

Linda alikuwa bado akijaza maelezo yake wakati mwenye duka alipotoka nyuma. Aliitwa Bipin. Alikuwa Mhindi wa makamo, mnene kidogo, aliyezaliwa papo hapo Kisii. Aliiona obokano, akasimama, kisha akamwamkia Tata kwa Ekegusii. Kilikuwa Ekegusii safi, cha mtu aliyecheza na watoto wetu sokoni. Tata alicheka kwa sauti. Mabega yake yakashuka, na maneno yakaanza kumtoka kama maji.

"Nipigie kidogo, mzee wangu," Bipin alimwomba.

Tata aliketi juu ya sanduku la spika, akapiga. Ile ngurumo nzito ya obokano, inayotoka kama inasemwa na tumbo la ardhi, ikajaa duka lile. Vioo vya kabati vilitetemeka. Mke wa Bipin, Prabha, aliacha kazi yake ya kupokea malipo akaja kusimama karibu. Waliokuwa wakijaribu vinanda waliondoa vidole vyao. Alipomaliza, macho ya Bipin yalikuwa na maji, na mpaka leo naamini hayakuwa ya uongo.

"Tuna fundi Nairobi," alisema. "Hii hatuwezi kuifanya hapa, tutaiharibu. Niachie niipeleke kwa binamu yangu Manish, kwa duka kubwa. Kabla mwezi huu uishe utakuja kuichukua."

Tata alimwachia. Hakuuliza la pili. Angemwachia mtu yeyote aliyeongea naye vile.

Mwezi uliisha tukarudi. Tulipewa viti na soda baridi, Linda akatuuliza habari za nyumbani, kisha akasema Nairobi haijatuma. Tulirudi tena, na tena. Sitasahau jinsi Tata alivyojitayarisha kwa kila safari, akipiga viatu rangi tangu jana yake na kuvaa koti la kanisani, kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa hospitali. Na kila mara tulipokelewa vizuri. Ningependa kusema tulitukanwa, au tulisukumwa nje. Mtu akikutukana una kitu cha kumrudishia. Sisi tulitabasamiwa.

"Leo hakuna, mzee, lakini tunafuatilia. Asante kwa subira yako."

"Bipin ako wapi?" Tata aliuliza.

"Ameenda Kisumu."

Bipin alikuwa Kisumu, au benki, au arusini kwa ndugu zake. Mwanzoni alikuwa akitoka kutusalimu, kisha akapunguza, kisha hakuonekana kabisa. Watu waliokuja nyumbani kumwalika Tata arusini waliambiwa ala iko kwa fundi. Waliitikia kwa kichwa wakaenda kukodi disko. Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyekuja tena kuuliza.

Nilijaribu kwa njia yangu. Nilikwenda kwenye kibanda cha simu cha posta nikapiga Nairobi. Mwanamume mwenye sauti nyororo alipokea, akanikaribisha, akaniomba nisubiri. Katika kusubiri niliwekewa wimbo wa kinanda cha umeme, ule ule kila nilipopiga, mpaka nikaanza kuusikia usingizini. Akirudi aliniambia, "Madam, tumetafuta gitaa la Kisii kwa mafundi wote, hatulioni. Tafadhali wasiliana na tawi lako." Tawi langu likaniambia niwasiliane na Nairobi. Nilieleza kwamba si gitaa. Nilieleza bakuli, ngozi, mishipa. "Tumekuelewa, madam," alisema, na niliweza kusikia kwamba anaandika.

Siku ambayo Tata aliacha kwenda ilikuwa ya mvua. Duka lilikuwa tupu. Linda alipotuona tu, kabla hatujafika kaunta, alisema Bipin hayupo. Nyuma yake palikuwa na mlango wa chumba cha stoo, uliofungwa kwa pazia la kijani lisilofika chini, na chini ya pazia palikuwa na viatu vya kahawia vya mwanamume, vimesimama pamoja, vimetulia sana. Niliviona. Tata aliviona kabla yangu. Prabha alikuwa mezani pake. Aliona tulichokuwa tunatazama, akainamisha uso.

Nilifungua mdomo. Tata akanishika mkono.

Alilisogelea lile pazia mpaka akabaki na hatua kama mbili. Akavua kofia. Akasema kwa Ekegusii, kwa ile sauti yake ya arusini, tulivu na yenye heshima zote, "Bipin, mwana wa mama yangu, nimekuja kukuaga. Sitakuchosha tena. Kama kitu kile kimekufa, ungeniambia tu. Kwetu mtu akifa tunaambiana."

Viatu havikusogea. Tata alivaa kofia yake tukatoka. Prabha alitufuata mpaka nje akiwa amebeba gitaa jipya ndani ya mfuko wake, akamnyoshea. "Mzee, chukua hii," alisema. "Tafadhali. Ni mimi nakupa." Tata alilipokea kwa mikono miwili, akafungua mfuko, akagusa uzi mmoja, akasikiliza ulivyolia. "Ni nzuri," alimwambia, akamrudishia. Mama yule alibaki amesimama kwenye mvua, gitaa mikononi, na mimi nikamchukia kwa sababu ndiye pekee niliyeweza kumwona.

Miaka mitatu baadaye nilipelekwa Nairobi kwa mafunzo ya walimu. Nilifika Jumapili, maduka yamefungwa. Jumatatu niliomba ruhusa nikaenda kulitafuta lile duka. Lilikuwa na ghorofa tatu na mlinzi aliyenifungulia mlango kwa saluti. Niliingia nikainua macho.

Obokano ilikuwa ukutani, juu kabisa ya kaunta ya wateja. Ilikuwa imepigwa vanishi ikang'aa kama meza ya hoteli. Ngozi ilikuwa imechorwa mistari ya punda milia. Mishipa ilikuwa imetolewa, na mahali pake palivutwa kamba za plastiki, nyekundu, njano na kijani. Balbu ndogo zilizunguka ukingo wa bakuli, zikiwaka na kuzimika. Chini yake, kwenye kiti cha kuzunguka, kijana mmoja alikuwa anaongea na simu. Niliitambua sauti kabla sijaona uso. Alikuwa yule wa simuni. Kwa muda wote ule aliokuwa akiniambia hawaioni, ilikuwa juu ya kichwa chake.

Niliomba kumwona Manish. Alikuja mwenyewe, mwembamba, nadhifu, miwani ikiwa juu ya paji la uso.

"Ile ni ya baba yangu," nilimwambia.

Alitazama ukuta, kisha akanitazama. "Ile pambo?"

"Ile obokano. Ililetwa na Bipin iwekwe stima."

"Ah." Alivuta pumzi. "Fundi alisema haiwezekani, ngozi ilikuwa mbaya, nyuzi zimeoza. Nilimwambia Bipin zamani. Akaniambia mzee mwenyewe ameshasahau, niiweke tu. Watalii wanaipenda sana, wanapiga picha."

"Hakusahau."

"Pole sana, madam. Kweli, pole sana."

Hakubishana. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele, kuita polisi, kulia kama ingebidi. Manish aliagiza ngazi, akapanda mwenyewe na bisibisi mkononi, akaing'oa. Ilikuwa imekazwa kwa skrubu nne zilizotoboa bakuli mpaka ndani. Waliifunga kwa karatasi za nailoni zenye jina la duka, wakanitolea mtu wa kunibebea mpaka stendi ya basi. Yule wa simu alinifungulia mlango.

"Kuna kingine tunachoweza kukusaidia?" aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Nilifika Nyansiongo jioni. Tata alikuwa zizini akikamua. Nilimwekea mzigo kwenye nyasi, nikamwacha aufungue mwenyewe. Alitoa nailoni, akaikunja vizuri akaiweka kando. Akapitisha mikono juu ya ile vanishi. Akavuta kamba moja ya plastiki, haikutoa kitu. Akainama akanusa ndani ya bakuli, mahali ambapo moshi wa nyumba yetu na mikono ya Obadiah vilikuwa vimekaa miaka yote ile.

"Wameiosha," alisema.

Nilimweleza yote: ukuta, watalii, alichosema Manish juu ya Bipin. Nilipomaliza alisema maziwa ya ng'ombe bado hayajaisha, akarudi kwenye kigoda chake.

Kwa wiki kadhaa alijaribu. Alibandua ngozi akawamba nyingine, akatafuta mishipa kwa wachinjaji wa Keroka, akaziba matundu ya skrubu kwa nta, halafu kwa mti, halafu kwa nta tena. Jioni tulimsikia akiijaribu nyuma ya nyumba. Ilitoa sauti, siwezi kusema haikutoa. Ilikuwa kama sauti ya mtu anayeongea akiwa amefungwa kitambaa mdomoni. Mama alikuwa akiinuka na kwenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Kisha jioni moja hatukusikia kitu, na nyingine pia.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Nilipopita zizini kumwamkia, nilimkuta amechuchumaa karibu na ndama wa kike aliyezaliwa mwezi ule. Bakuli la Obadiah lilikuwa ardhini, limekatwa mikono, halina ngozi, na ndani yake palikuwa na chumvi ya ng'ombe. Ndama alikuwa anailamba kwa bidii, ulimi ukikwaruza mti.

Tata alinitazama, kisha akalitazama bakuli, akaligeuza kidogo ili ndama afikie upande wa pili.

"Ni zito," aliniambia. "Lile la bati alikuwa analipindua."