Kiwanda cha Masufuria

“Hapa mtaa wa Gerezani hakuna fundi wa masufuria anayenishinda,” hujisifu Bi Mwanne. “Wenzangu wote wameshakufa.”

Kibanda chake kilivunjwa, mwekezaji wa kigeni wa kiwanda cha masufuria akapewa kiwanja na umeme kwa kodi za wananchi, mwenyewe akasamehewa kodi. Zakayo, mwenyekiti wa mtaa, aliapa kwamba kiwanda kitamwajiri mjukuu wa Bi Mwanne. Sasa bibi na mjukuu wanalala njaa, ndiyo maana leo bibi kamfuata Zakayo mpaka sebuleni.

“Mashine bado zipo bandarini, mama yangu. Hajaajiriwa hata paka.”

Mara binti yake Zakayo akaingia. Mtoto mwenye adabu hampiti mzee. Akapiga goti, sare ya kiwanda mwilini, vumbi la alumini mpaka kwenye kope.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Kumbe mashine mnazifuata huko huko melini?”