Kambi ya Afande Thadei

Thadei alitumikia jeshi miaka tisa, kisha akalima vitunguu na mbaazi Kansay miaka ishirini, na bado ukimuuliza kazi yake alikujibu, "Mimi askari." Vijana wa timu ya kata aliyoifundisha walimwita Afande, naye aliitikia kifua mbele. Hakuna kilichomkera kama kusikia timu za mjini zimeingia kambini, kumbe zimejazana gesti zinakula chipsi na kupiga picha.

"Kambi si neno la mpira," aliwaambia wachezaji wake Alhamisi ile, wamejipanga mbele ya darasa waliloazimwa Karatu mjini, siku tatu kabla ya fainali. "Waliosoma wanasema tulilipata kwa Wazungu, sijui. Mimi nililipata jeshini. Kambi ni mahema, ni lindo, na adui yuko ng'ambo. Ukiwa ndani huna mama, huna mchumba. Habari zote zinapita kwa kamanda, na kamanda ndiye anayeamua akupe lini."

Kisha akawasimulia, kwa mara ya kumi kama si ya ishirini, jinsi baba yake alivyofariki yeye akiwa mazoezini, na kamanda wake akakaa na habari ile siku nne. "Nililia? Sikulia. Nilipiga saluti!" Vijana wakapiga makofi. Jambo moja tu hakuwahi kuwaambia: yeye alikuwa anamchukia kamanda yule mpaka leo.

Simu zote zikakusanywa kwenye mfuko wa salfeti, kama zifanyavyo timu nyingi zikiingia kambini, na mfuko ukawekwa chini ya godoro la Afande.

Ijumaa saa nne asubuhi, vijana wakiwa uwanjani, kitochi kimoja kikaanza kuita. Kilikuwa cha Joel, mshambuliaji wao, na jina lililoandikwa ni Dada Christina. Thadei akakiacha kikate. Kikaita tena, akapokea.

"Shikamoo kocha. Naomba niongee na Joel. Mama amezidiwa, niko naye hospitali hapa hapa Karatu. Anamwita."

Kwa bodaboda, hospitali ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Thadei alichungulia dirishani. Joel alikuwa anapiga mashuti, na kipa alikuwa anaokota mipira wavuni. Kansay haikuwahi kulibeba Kombe la Ujirani Mwema, lile linalogombewa na timu za Karatu na Ngorongoro, na bila Joel isingelibeba mwaka huu pia. Watu huzidiwa wakapata nafuu, alijiambia. Jumapili si mbali.

"Yuko hapa, amesikia mwenyewe," alisema. "Mwambie mama anakuja, binti yangu."

"Asante kocha. Mungu akubariki."

Akaizima simu, akairudisha kwenye ule mfuko, akaketi juu ya godoro. Mchana alishindwa kula. Jumamosi alimwita Joel pembeni mara mbili, na mara zote mbili akaishia kumuuliza kifundo cha mguu kinaendeleaje. "Kiko poa, Afande," Joel alijibu huku anacheka. Alikuwa kijana wa kucheka ovyo, na kicheko chake kilimuumiza Thadei kuliko matusi.

Jumapili, siku ya fainali, vijana wa Endulen wakateremka kutoka Hifadhi ya Ngorongoro. Hao ndio waliokuwa adui. Walifika na madumu ya maziwa, wakawagawia hata wapinzani wao, wakaulizana na Joel habari za ng'ombe na mvua. Dakika ya sabini na moja Joel akawafunga kwa kichwa, na filimbi ikalia Kansay wakiwa mabingwa.

Watu walikuwa bado wanarukaruka pale alipoingia uwanjani mzee Josephati, mjomba wake Joel. Hakumpa mpwa wake mkono.

"Mama yako amefariki leo alfajiri," alisema. "Tumeshamrudisha nyumbani. Mazishi ni Jumanne, kama mpira utakuruhusu."

Joel akakaa chini pale pale kwenye nyasi. Thadei hakumfuata. Alikimbilia darasani, akaiwasha ile simu, akaifuta ile namba ya Ijumaa kwenye simu zilizopokelewa.

Jumanne timu nzima ilikwenda msibani na jezi zao. Thadei alikuwa amepanga kutoa rambirambi, kusema maneno mawili matatu na kuondoka mapema. Akamkuta Joel ameketi peke yake kando ya ghala la mahindi, mbali na ndugu zake. Wanawake walipita na sufuria za chai bila kumtazama.

"Mtoto gani huyu!" alisema mmoja wao kwa sauti ya kusikika. "Kaitwa na mama yake anayekufa, kachagua mpira."

Joel akainuka, akaenda alipokuwa dada yake karibu na jeneza. "Dada, naapa sikupata simu."

"Usiape mbele ya mama!" Christina alimkatiza. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Niliongea na kocha wako. Alisema umesikia mwenyewe. Nikapiga tena, ukawa umezima. Siku mbili, Joel!"

Joel akazungusha macho mpaka akamwona Thadei nyuma ya wachezaji, na uso wake ukapata nafuu, kama mtu aliyemwona shahidi wake.

"Afande, njoo uwaambie. Waambie hakuna simu iliyokuja."

Thadei alisogea. Namba alikuwa ameshaifuta. Lilikuwa neno lake dhidi ya neno la msichana mwenye majonzi, na yeye alikuwa mtu mzima anayeheshimika. Kutikisa kichwa mara moja tu kungetosha. Akamtazama Joel aliyekuwa anamsubiri, akaona aibu iliyomchoma mpaka mifupani.

"Ilikuja," alisema. "Ijumaa saa nne. Nilipokea mimi. Joel hakusikia kitu. Nilijiambia tuko kambini... Hapakuwa na kambi. Palikuwa na darasa, na mpira, na hospitali iko pale tu. Nimekosa mimi. Huyu mtoto msimhukumu."

Hakuna aliyempigia kelele, ingawa alitamani wampigie. Joel hakumwangalia tena. Alimshika dada yake mkono.

"Mama aliniulizia mara ngapi?"

"Kila mlango ulipofunguliwa," Christina akasema, na sasa akalia huku amemkumbatia.

Wakamzika mama yao saa nane. Joel alitupa udongo wa kwanza, kisha wanaume wakaanza kufukia kwa zamu, kama kawaida ya pale, kila mmoja akichota mara kadhaa na kumwachia koleo aliye karibu. Thadei alisimama kwenye mstari, mikono ikiwa tayari. Koleo lilifika kwa kipa wake. Kijana akachota, akafuta jasho, akamruka kocha na kulipitisha kwa mwenzake. Likazunguka tena, na tena. Thadei hakuondoka kwenye mstari mpaka kaburi lilipojaa.