Kiapo cha Pili cha Nabalayo

"Mnaniona hivi, mimi nimezaa na Mzungu wa Ayalandi," Nabalayo aliwaambia wanawake waliopanga foleni bombani mtaani Ziwani, Nairobi, "mwenye ng'ombe mia mbili Kitale!" Kisha akajicheka mwenyewe. "Ng'ombe walikuwa wa tajiri wake. Yeye aliwachunga tu, na viatu vyake vilikuwa na matundu mengi kuliko vyangu. Na mimi nilitembea peku."

Walicheka. Lakini maneno ya bombani hayakai bombani. Mjukuu wake Griffins, ambaye kiwanda alichofanyia kazi kilifungwa na sasa alishindia chai ya rangi, aliyasikia akayashikilia. Akamtafuta dada ya yule Mzungu kupitia kwa mapadri. Ajuza huyo akajibu kwa barua: kaka amekufa, ila cheti chake cha kuzaliwa kipo. Bibi akiapa kwamba alizaa naye Wakoli, babake Griffins, atakituma. Mwenye babu wa Ayalandi hupewa uraia wa huko.

"Kukhu, ni alama ya kidole tu," Griffins alimbembeleza bibi yake. "Nikipata hiyo pasi, mimi na njaa tumeachana."

Nabalayo hakumwambia kilichomnyima usingizi. Mwaka uliopita Wakoli alipokufa, wazee wa ukoo wa marehemu mumewe walikataa kumzika huyo "mwekundu" asiyefanana nao shambani kwao. Nabalayo akashika udongo wa kaburi mbele yao peke yao, akaapa: ni damu yenu. Aliapa uongo ili mwanawe asitupwe makaburi ya umma ya Lang'ata kama mtu asiye na kwao.

Sasa walikuwa kwa wakili, Makadara. Wakili alitaka shahidi wa ukoo, na Griffins, kwa kutojua, akamleta shemeji ya bibi, mzee Nyongesa, mmoja wa wazee wale wa kaburini, akimwambia ni mambo ya shamba. Kidole gumba cha Nabalayo kilikwisha kupakwa wino wakili aliposoma kiapo kwa sauti.

Nyongesa akasimama. "Shemeji, kama huo ndio ukweli, kesho tunamfukua Wakoli."

Nabalayo akamtazama mjukuu wake, shati limelegea kama limetundikwa msumarini. Akamfikiria na yule aliye chini ya udongo. Akakifuta kidole kwenye leso, polepole.

"Kaa chini, shemeji. Huyo Mzungu nilimtunga nichekeshe watu. Sijawahi kumwona."

Nyongesa akaketi. Griffins hakuketi.

"Kama ulimtunga, kukhu, mbona dada yake anauliza kama Nabalayo bado anawakimbia bata mzinga? Jina lako mimi sikumwandikia."