Mzee Atatufungia kwa Maombi

Jumatano, tarehe kumi na mbili Machi mwaka wa 2025, kabla ya chakula cha mchana, ndipo mambo yaliharibika. Nataka siku yenyewe ijulikane, kwa sababu wakubwa wa kamati wanapenda kusema yaliharibika polepole, kwamba hakuna wa kulaumiwa. Hapana. Yaliharibika siku moja, kwa ukumbi wa hoteli mjini Embu, na yaliharibikia mdomoni mwangu.

Mimi ni Gikunda wa Ruiri, mkulima wa vitunguu na mbuzi wachache. Shule niliachia darasa la nne. Mke wangu Kinya ndiye alikuwa na kichwa. Yeye na kikundi chake cha akina mama walichanga, wakasimamisha mnara mdogo wa intaneti kando ya josho la ng'ombe, maana kampuni kubwa zilikuwa zimekataa kuja. Walisema watu wa Ruiri hawatoshi. Mnara wenyewe ni bomba la chuma, sola mbili, na kisanduku cheupe kule juu kinachovuta mtandao kutoka upande wa Timau. Lakini kwa mnara huo mama yeyote wa kijiji alikuwa anamwonyesha daktari wa mifugo jicho la mbuzi kwa simu, na bei ya vitunguu ya Meru mjini ilikuwa inatufikia mbele ya dalali. Dalali alianza kutusalimia kwa adabu.

Sasa serikali ikaunda kamati ya kuamua mambo ya intaneti upande huu wa mlima. Ikasemwa kamati haiwezi kuwa ya wakubwa peke yao. Watakaa watu wa serikali, watakaa watu wa kampuni, na mwananchi naye atakaa, wote wakiitwa wadau. Viti vya serikali vilikuwa vingi na vya kampuni vilikuwa vingi. Cha wananchi wa kwetu kilikuwa kimoja, na Kinya ndiye alikikalia.

Alikuwa anarudi kutoka Embu jioni amechoka, anavua viatu mlangoni, ananiambia, "Leo tumevutana nao, Baba Lorna."

Mimi namwuliza, "Na chakula?"

Sikuwahi kumwuliza walivutania nini.

Novemba presha ikamchukua. Watu wa kanisa wanasema ni Mungu. Mimi nasema ni wale watu. Ukimwita mtu mara kwa mara kumwambia jambo lake litasikizwa mkutano ujao, na mkutano ujao unamwambia hivyo hivyo, unafikiri moyo wake ni jembe? Niliyasema hayo hata kaburini, mpaka mchungaji akanishika mkono.

Kiti kikabaki wazi. Akina mama wakaja kwangu, wakiongozwa na Ntinyari, mwenyekiti wao, mwanamke asiyejua kuongea kwa sauti ya chini.

"Baba Lorna, utaenda wewe."

"Mimi? Mimi nasoma Biblia kwa kidole."

"Umekaa na Kinya nyumba moja miaka hiyo yote. Hata jiko huacha moshi kwa ukuta. Kwako hakukubaki kitu?"

Wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikubali, lakini si kwa ajili ya mnara. Nilitaka kuona mahali palipokuwa panamchukua mke wangu.

Ntinyari akanieleza polepole. Kamati ilitaka kupitisha kwamba minara yote midogo iwe chini ya kampuni yenye leseni ama izimwe. Kampuni ikichukua wetu, itauza mtandao kwa bei yake, na sisi tutarudi kupanda kilima kutafuta mtandao. Kinya alikuwa ameuzuia uamuzi huo kwa kukataa tu, kila mkutano, maana sheria yao ilisema wadau wote wakubaliane. Kazi yangu ilikuwa ni sentensi moja. Alinifundisha kama mtoto wa shule ya Jumapili: "Mnara wa Ruiri ni wa wenyewe, na wenyewe wamekataa kuutoa."

"Rudia," aliniambia.

Nilirudia mpaka mbuzi wakaijua.

Huko Embu nilipewa kiti mbele kabisa. Mezani palikuwa na chupa ya maji, na kando yake kadi iliyoandikwa kwa Kizungu. Nilidhani ni bei ya maji, sikuyagusa. Kumbe kadi ilikuwa inasema mimi ni wananchi. Mwenyekiti wa kamati ni bwana mmoja anaitwa Muchangi, mtu wa hapo Embu, sauti laini kama mafuta ya mtoto. Alikuja kunisalimu kwa mikono miwili.

"Pole sana kwa mama. Alikuwa mtu mkali, lakini tulimpenda. Karibu ujisikie nyumbani, mzee wetu."

Mkutano ukaanza. Waliongea Kizungu kile cha kumeza mwisho wa maneno. Walionyesha picha ukutani, mistari inapanda, mistari inashuka. Mara moja nilisikia "Ruiri", nikainua kichwa, lakini lilikuwa limeshapita. Nilijiambia, watafika kwangu. Watauliza, wewe wa wananchi, unasemaje? Nilishikilia sentensi yangu kama mtu aliyebeba yai kwa matatu ya watu wengi. Muchangi aliuliza kitu kwa Kizungu, akazungusha macho mezani kote. Wengine wakatikisa kichwa kukubali. Macho yake yalipofika kwangu, nami nikatikisa. Niliona aibu kuuliza ameuliza nini. Huyo ni mimi, siwezi kumtupia mtu.

Halafu akafunga faili, akatabasamu, akahamia Kiswahili. "Kabla tule, mzee wetu kutoka Ruiri atatufungia kwa maombi."

Sijui nielezeeje vile nilivyofurahi. Kutoka asubuhi nilikuwa mjinga kwa hicho kiti, na sasa nimepewa kazi ninayoiweza. Mimi ni mzee wa kanisa. Kuomba ndiko kusoma kwangu. Nilisimama, nikainua mikono. Nilishukuru kwa barabara na kwa mvua. Niliwaombea viongozi hekima. Nikafika penye utamu, nikasema, "Bwana, yote yaliyoamuliwa hapa leo, uyabariki. Mikono iliyoyaandika, uibariki. Na yawafikie watu wetu wa Ruiri kama umande wa asubuhi."

"Amina!" Ukumbi wote, na meza ya kampuni ndiyo ilipaza zaidi.

Walinipiga mabega. "Mzee anajua kuomba!" Nilipangiwa foleni mbele ya wakubwa. Sentensi ya Ntinyari niliikumbuka nikiwa na mfupa wa kuku mdomoni. Nikaangalia huku na huku, nimtafute Muchangi, na Muchangi alikuwa ameshaondoka.

Kinya angetema ule mfupa, angemfuata mpaka kwa gari. Mimi niliumaliza.

Nyumbani niliulizwa, "Ulisema?" Nikajibu, "Walinisikiza vizuri." Maneno ya kweli kabisa, na ndiyo yananiuma kuliko uongo.

Haikupita muda video ikaingia kwa simu za akina mama, kwa mtandao wetu wenyewe. Ilikuwa asubuhi ya kuogesha ng'ombe na watu walikuwa wamejaa penye josho. Ntinyari aliinua simu juu ili kila mtu aone. Nilikuwa mimi, kwa koti la mazishi, mikono juu. Chini watu wa kamati wameandika kwamba wananchi wamebariki mpango mpya. Watu wakasikiza. Wakati huo huo gari likasimama, wakashuka wanaume wawili na ngazi.

Ntinyari akaenda kusimama mbele ya bomba. "Mnaenda wapi na hiyo ngazi?"

"Mama, sisi tumetumwa tu." Mmoja wao alichungulia ile simu ya Ntinyari. "Na si huyo ni mzee wenu? Ndiye huyu amesimama hapa."

Kila mtu akageuka. Hata ng'ombe, ungefikiri.

"Baba Lorna," Ntinyari alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa chini. "Tulikutuma ukaseme."

"Niliomba."

"Tulikutuma uombe?"

"Nilipewa nafasi ya kuomba, Mama Mwenyekiti. Nafasi ya kusema haikufika."

"Na kwa hiyo ukawabarikia. Kama umande." Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Huyo sasa ni mchungaji wa kampuni," na kicheko kikatoka, kile cha kukata.

Ntinyari akatoka kwa bomba. Angeweza kukaa hapo mpaka polisi waje, namjua. Alitoka kwa sababu yangu, kwa sababu atawaambia nini? Yule mtu akapanda, akachomoa kisanduku. Video ilikuwa bado inacheza mikononi mwa watu. Ikakwama nikiwa nimeinua mikono. Hicho ndicho kitu cha mwisho mnara wa Kinya ulileta Ruiri.

Jumapili binti yangu Lorna alikuja kutoka Timau, anakofanya kazi kwa shamba la maua. Alinipikia githeri. Tukiwa tunakula ndipo aliuliza.

"Baba, ulijua mama alikuwa anakataa kuomba pale?"

"Kukataa kuomba? Kinya? Mama wa kwaya?"

"Kila mkutano walikuwa wanamwambia, mama atufungie kwa maombi. Alikuwa anawaambia, ombeni nyinyi, mimi nilikuja kusema. Aliniambia wakikupa maombi ujue wamekunyima maneno."

"Mbona mimi hakuniambia?"

Lorna aliniangalia, akaniongezea githeri. "Ulimwuliza?"

Nimewalaumu wakubwa maisha yangu yote, na bado nawalaumu, maana wanajua wanachofanya. Mtu aliyesoma anapomkaribisha mzee asiyejua Kizungu kwa kiti cha wananchi, anatafuta koti na mikono ya kuinua. Lakini mtego haumkamati asiyeutia mguu. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nikipita josho nazunguka njia ya nyuma. Dalali alianza tena kuja bila salamu, na vitunguu vyetu akavichukua kwa bei aliyotaka. Mbuzi wa Ntinyari aliharibika jicho, na alipofika kwa daktari kwa miguu lilikuwa limeshakufa. Hakuniambia. Nilimwona tu mbuzi.

Julai Muchangi mwenyewe akanipigia. Nilikuwa juu ya kilima ili simu ishike.

"Mzee wetu! Tuna mkutano. Tunakuhitaji sana. Ulitubariki vizuri ile siku."

Nilimwendea Ntinyari, nikasimama nje ya ua kama mtu anayedaiwa. Nikamwambia wameniita, na kwamba kama kikundi kinataka kumtuma mwingine, nitampa hata koti.

Aliendelea kuchambua maharagwe. "Jina lako ndilo wako nalo. Uliyeenda kubariki ndiye utaenda kubariki tena ama kulaani. Mimi sitakufundisha sentensi nyingine."

Basi nikaenda. Ukumbi ule ule, kadi ile ile, maji nikanywa. Safari hii nilimwomba kijana wa kando yangu anitafsirie, na akanitafsiria, na nikaona haikuwa kazi ngumu, ni kuomba tu. Hilo nalo likanichoma. Walikuwa wanasifu minara iliyopewa kampuni. Nikainua mkono. Nikauacha juu mpaka ukafa ganzi.

"Ndiyo, mzee wetu," alisema Muchangi, kwa upole.

"Nina swali kuhusu Ruiri."

"Swali zuri sana. Isipokuwa siku hizi maswali ya wananchi tunayapokea kwa mtandao, ili kila mtu apate haki sawa. Utayaandika kwa tovuti yetu."

"Ruiri hatuna mtandao. Mliuzima."

Mtu wa kampuni akacheka, akadhani ni mzaha, wengine wakacheka naye. Muchangi akaangalia saa. "Basi utaandika ukifika penye mtandao. Mabibi na mabwana, chakula kiko tayari. Mzee, tufungie."

Nilikaa kidogo. Nilimfikiria Kinya, namna angesema ombeni nyinyi, achukue mkoba wake. Mimi si Kinya. Mimi ninachojua ni kuomba. Nikasimama, na wote wakainamisha vichwa, wakafunga macho, na nikakumbuka kitu ambacho mtu yeyote wa kwetu anajua: mzee akianza kuomba hakuna anayemkatiza, hata awe nani.

Sikufunga macho.

"Bwana," nikasema, "ni mimi Gikunda. Ile siku nyingine nilibariki kitu nisichokijua, kwa sababu niliona aibu na nilikuwa na njaa. Hilo ni langu, niulize mimi. Lakini hawa nao waliandika kwamba watu wa Ruiri wamekubali. Ntinyari hakukubali. Wenye mbuzi hawakukubali. Kinya alikataa mpaka akafa. Sasa wananiambia niulize kwa ule mtandao walioutoa. Kwa hivyo nauliza hapa, kwako, nao wakisikia."

Mhudumu alikuwa mlangoni ameshika sinia, naye ameinamisha kichwa. Niliona kipara cha Muchangi kinatoa jasho. Nikauliza swali langu, na sikusema amina. Wakangoja amina. Nikangoja nao. Mwishowe Muchangi akainua uso, macho wazi, tukaangaliana, na nikaona anajua jibu moja ambalo angeweza kunirushia, kwamba ni wewe, mzee. Hakulisema, maana akilisema atakuwa amekubali kwamba hakuwa na ruhusa nyingine ila maombi yangu. Na mimi nilikuwa naogopa asije akalisema. Akaokota faili zake, akaenda kula.

Kisanduku hakijarudi. Ntinyari aliniuliza niliwaambia nini, nikamwambia nilivyowaambia, neno kwa neno. Basi swali langu nalirudia hapa, kwa yeyote mwenye kujibu: mnara wa Ruiri ulizimwa kwa ruhusa ya nani?