Mlio wa Kutua

Jumamosi ile, saa tisa alasiri, Aleksi alikuwa barazani kwake Kitete akipaka mafuta ya nazi kwenye mrija wa tromboni yake, na mkewe Levina alikuwa akichambua mchele. Onyesho lake lilikuwa limebakiza miezi miwili. Alitaka kila alichojifunza kwa miaka arobaini kisikike katika kipande kimoja: tenzi za matarumbeta ya kanisa la Kimoraviani alikoanzia, ngoma za wajomba zake wa Ulyankulu, rumba aliyopiga na Wakongo kule Kigoma, na jazi ya hoteli za Dar es Salaam, ambako wageni walimsikiliza huku wakitafuna. Akakipiga kujaribu, na mwishoni akaongeza milio mitatu ambayo babu yake Mnyamwezi alikuwa akiipuliza kwa pembe ya tandala.

Alipomaliza wa tatu, wapagazi wakaingia uani.

Walikuwa kama arobaini, wanaume kwa wanawake, wamekufa zamani, na mizigo bado ilikuwa mabegani na vichwani: pembe za ndovu, majora ya vitambaa, masanduku ya baruti. Levina akasogeza ungo wake wapite.

"Shikamooni," alisema, maana walimzidi umri.

"Marahaba."

Kirongozi wao, yule anayetangulia msafara, alimtazama Aleksi. "Umetupigia ya kuondoka. Tutaondoka. Lakini jioni utupigie ya kutua. Mpagazi hatui mzigo mpaka pembe iseme."

"Ya kutua siijui," alisema Aleksi.

"Basi tutatembea."

Wakashika njia ya Ujiji. Tangu siku hiyo walipita uani kila Jumamosi, wakienda au wakirudi, miguu imechanika. Aleksi aliwapigia ile ya kuondoka, kwa sababu kirongozi alimweleza kwamba pembe ikinyamaza msafara hupotea, na aliyepotea harudi. Waendesha bodaboda waliwasubiri wavuke barabara, wengine kwa kupiga honi.

Wiki ya tatu mpagazi mmoja alianguka mbele ya kibanda cha Revocatus, fundi cherehani wa jirani. Mzigo haulali njiani. Nyumba iliyo karibu hutoa mtu. Revocatus aliacha suruali ya mteja chini ya sindano, akainua sanduku la baruti, akaenda. Mkewe aliwaambia wateja kwamba fundi amesafiri.

Aleksi aliogopa. Alipima kwa miguu kutoka njia yao hadi mlango wake, akapata hatua sita.

Akaanza kuutafuta mlio wa kutua. Aliwauliza wazee wa matarumbeta, akapanda basi kwenda kwa wajomba, akawapigia simu Wakongo. Hakuna aliyeujua. Hatimaye akaelekezwa kwa Bi Mwanahawa, kitukuu wa tajiri aliyemiliki misafara ile, katika nyumba kuukuu yenye mlango wa nakshi. Pembe ilining'inia ukutani, juu ya televisheni.

"Wapagazi hawakufundishwa ya kutua," alisema Bi Mwanahawa akimmiminia kahawa. "Hiyo ilikuwa ya mwenye mali."

"Wewe unaijua, mama?"

"Naijua. Marehemu baba alinifundisha."

"Nakuomba uipige mara moja tu. Wanapita hatua sita kutoka kwa mke wangu."

Bibi aliweka birika chini. "Nikiipiga, mwanangu, watatua hapa mlangoni kwangu. Wakishapumzika wataniuliza nani aliwatwisha. Niwajibu nini?"

Akamfungia kashata ampelekee Levina.

Jumamosi iliyofuata, mwanamke aliyebeba pembe ya ndovu alianguka hatua sita kutoka mlangoni. Aleksi aliweka tromboni chini akainamisha bega.

"Mpiga pembe habebi," alisema kirongozi.

Levina alitoka na kata ya khanga, ameshaizungusha vizuri, akaiweka kichwani.

"Ulijua?" aliuliza Aleksi.

"Niliisokota jana. Maharage yako mekoni, baba Esperansi. Usiyaache yakaungua." Wakamtwisha ile pembe ya ndovu. Shingo yake ikazama kidogo, kisha ikakaa sawa. "Haya, piga. Ila taratibu."

Onyesho lilifanyika, ukumbi ukajaa. Bi Mwanahawa alikaa safu ya mbele, akapiga makofi kuliko wote. Watu walisema Aleksi amekomaa, hana haraka tena.

Wiki iliyofuata Josepha, mtangazaji wa redio, alimuuliza muziki wake umetoka wapi. Aleksi alitaja Wamoraviani, Ulyankulu, Kigoma, Dar es Salaam.

"Na huu upole?"

"Huo ni kwa ajili ya mke wangu. Ile pembe ya ndovu aliyotwishwa ni nzito, hawezi kwenda mbio."

Josepha aliitikia kwa kichwa, akatazama saa ya studio. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa kasoro robo. Akamruhusu Aleksi aondoke mapema, awahi kumpigia.