Fundi Kwanza, Funguo Baadaye

Fadumo Hersi hakuwa mwanamke wa kuuziwa maneno. Enzi za marehemu mumewe, Billow, walikuwa wakibeba viazi vya Kibirichia kwa lori lao la Bedfodi mpaka Embu, na hakuna mkulima aliyewahi kumfichia kiazi kilichooza chini ya gunia, maana Fadumo alikuwa anazamisha mkono mpaka kwapani. Sasa Billow alikuwa na mwaka wa pili kaburini. Shemeji yake Hirsi, aliyekuwa dereva, alikuwa ametangaza kwamba mwezi ujao anarudi Isiolo kwa ngamia wake, na akisema Hirsi amesema. Fadumo alibaki na lori litakalokosa dereva, mabinti watatu, na chumba kimoja cha kupanga kinachovuja hata umande.

Basi aliposikia kwamba Kathuri, hedimani aliyewekwa na serikali kusimamia kijiji kilicho juu kidogo ya mji wa Embu, anatafuta lori, na yuko tayari kutoa nyumba yake mpya ya mawe kulipata, usingizi ulimpaa. Vyumba vinne! Viwili alale na wanawe, viwili apangishe, ale kodi mpaka azeeke. Nyumba kwa lori, mkono kwa mkono. Ila akikosea hapo ndiyo basi tena. Lori halirudi, na nyumba ikimwangukia hana hata pa kwenda kulilia.

"Nitapeleka fundi aikague kwanza," alimwambia Hirsi wakiwa njiani.

Hirsi nusura atie lori mtaroni. "Umkagulie nyumba hedimani? Mtu aliyekupa neno lake mbele ya wazee? Shemeji, utatutia aibu. Kwetu neno la mwanamume linatosha."

"Kwenu mnalala kwenye mahema, Hirsi. Hema likianguka mnakung'uta vumbi mnalisimamisha tena. Nyumba ya mawe ikianguka inakuzika papo hapo, wala huhitaji sanda. Halafu yeye Kathuri lori alilipokea kwa neno langu? Si alileta makanika akalala uvunguni siku mbili, akafungua hata kile ambacho hakikufungwa?"

Hirsi akabadilisha gia.

Fundi aliyemtaka ni Njuki, mwashi mwembamba aliyekijenga choo cha msikiti, na choo kile miaka mitatu baadaye hakikuwa na ufa hata wa unywele. Njuki alisita alipoambiwa ni nyumba ya nani. Alikuwa mtu wa kijiji kilekile. Mwaka wenyewe ulikuwa hamsini na tisa. Hali ya Hatari ya vita vya Maumau ilikuwa imelegea lakini haijaondolewa, na ili Njuki ashuke mjini kufanya kazi, pasi yake ya kutokea kijijini ilibidi itiwe sahihi na Kathuri kila mwezi. Bila sahihi ile angekaa nyumbani akihesabu kuku.

"Sikupeleki ukamtukane," Fadumo alimwambia. "Nakupeleka uangalie ukuta. Ukuta hauna siasa."

Wakaenda Jumanne asubuhi. Kathuri aliwapokea barazani, kavaa koti lake kubwa la kaki la wakati wa ugadi, alipokuwa mlinzi wa serikali, kifua mbele. Hakufurahi kumwona fundi, lakini lori lilikuwa limeegeshwa pale mbele yake liking'aa, na Kathuri alilitamani kama mtoto anavyotamani andazi. Alijua Hali ya Hatari ikiisha na uhedimani utaisha, na mtu aliyewapigia watu filimbi ya kazi za lazima miaka sita anahitaji kazi ya kumtoa kijijini mapema asubuhi na kumrudisha jioni.

"Kagua, kagua," alisema. "Fundi akague mpaka achoke. Hii nyumba inasimama pale palipokuwa na kambi yetu sisi magadi. Serikali yenyewe ilinipa kiwanja. Marcella! Leta chai."

Marcella, mkewe aliyemwoa mwaka uliopita, mjane wa hapo hapo kijijini, akaleta birika na vikombe, akaketi kizingitini pa jikoni kuchambua maharagwe ya njahi. Hakuwa msemaji.

Njuki akaanza. Akaning'iniza timazi kila kona, akasubiri kamba itulie, akafumba jicho moja. Akapanda darini na kisu, akachoma mbao moja moja kutafuta mchwa, akashuka na utando wa buibui kichwani. "Mbao safi," akasema. Akagonga kuta kwa mpini wa nyundo, huku ameegesha sikio kama daktari. Akakuna simiti ya kwenye maungio kwa ukucha. "Aliyejenga hakuiba simiti." Kila alilosema fundi, Fadumo alilipokea kwa kutikisa kichwa, na moyoni tayari alishaanza kupanga kitanda cha Qali, binti yake mkubwa, kitakaa upande gani.

Mwisho wakaingia chumba cha nyuma. Ukuta wake mmoja ulikuwa umepakwa chokaa upya, na mtu akipaka chokaa ukuta mmoja tu, Fadumo anataka kujua ukuta ule ulikuwa unaumwa nini. Njuki aliomba maji. Akayamwaga kidogo katikati ya sakafu. Maji hayakuuliza njia, yakaenda moja kwa moja kwenye kona ya nyuma, yakatulia pale. Njuki akayaangalia. Akatoka nje, akaizunguka kona ile, akatazama bondeni, akatazama barabara, akarudisha macho kwenye kona. Kisha akakusanya timazi na nyundo, akaelekea kwenye lori.

"Enhe?" Fadumo alimfuata nyuma ya lori.

"Nyumba ni nzuri, mama," Njuki akasema polepole. "Usiichukue."

"Ala! Nzuri halafu nisiichukue? Unanifanya mimi mtoto?"

"Nimesema, mama. Kazi yangu nimemaliza, na malipo sitaki."

Fadumo alikasirika kweli, masikio yakamwaka moto. Fundi anayekataa malipo anaogopa kitu. Akamtazama Njuki mkono: ulikuwa umeshika mfuko wa shati, ule wenye pasi. Hapo akaelewa, na hasira ikamtoka kidogo. Hakuna haja ya kumvuta mtu ulimi kama jembe lipo.

Akarudi barazani. "Mzee Kathuri, naomba jembe. Fundi achimbe kidogo hapo kona ya nyuma, nione msingi umekanyaga nini."

"Uchimbe msingi wangu?" Kathuri akasimama, kikombe mkononi. "Mama Qali, hiyo sasa ni dharau!"

"Shemeji, jamani," Hirsi akanong'ona.

"Dharau gani? Makanika wako alimwaga oili yote ya lori langu kwenye karai akaichungulia. Nilinuna? Nilimpa kitambaa ajipanguse. Usipoziba ufa utajenga ukuta, mzee, na mimi ukuta sina nguvu ya kuujenga."

Kathuri akacheka, kicheko cha mtu mwenye hakika. "Haya, chimba! Utaona mwenyewe. Hapo chini lilipita lile handaki la kuzunguka kambi, sikufichi. Nilipopewa kiwanja niliamuru lifukiwe lote. Watu mia mbili wiki tatu, wanajaza na kushindilia, mimi nimesimama hapa na filimbi yangu. Udongo ulioshindiliwa na watu mia mbili ni mgumu kuliko alioumba Mungu!"

Njuki akachimba. Futi ya kwanza ilikuwa ngumu kweli, jembe lilirudi na mlio. Ya pili ikawa hivyo hivyo, na Kathuri akawa anamkonyeza Hirsi. Ya tatu jembe likazama lenyewe mpaka shingoni, na Njuki akavutwa nalo, nusura apige magoti. Harufu ikapanda, ya kitu kilichooza kikasahaulika. Pale chini ya msingi palikuwa na uwazi mweusi ambao mbuzi mdogo angelala.

Kathuri alipiga magoti, akachungulia ndani. "Hii si kitu," akasema upesi, ingawa sauti ilikuwa imeshuka. "Maji ya mvua yamepenya. Au fuko. Ni kona hii tu. Nitaleta mawe toroli mbili tujaze, tupige simiti, kesho asubuhi imekwisha. Mama Qali, nakuapia."

Na Fadumo, tusimfiche, alishawishika. Kumbe kasoro ni hii tu? Toroli mbili za mawe! Alikuwa ameshauona ubaya, na ubaya ukionekana haumtishi. Alifikiria chumba chake kinachovuja, na Hirsi na ngamia wake, na vyumba vinne. Akaingiza mkono kwenye mkunjo wa nguo yake, akatoa funguo za lori.

"Ujaze mbele ya macho yangu," akasema.

"Mbele ya macho yako!"

"Mama," Njuki akasema kutoka shimoni. "Usitoe."

Kathuri akageuka. "Wewe kazi yako imekwisha. Toka humo."

Njuki hakutoka. Alitoa pasi mfukoni, akaiweka juu ya ukingo wa shimo, palepale kwenye udongo, karibu na kiatu cha Kathuri. Maneno yalimtoka yamenyooka.

"Si kona tu, mzee. Ni chumba chote cha nyuma na nusu ya ukuta wa kati. Hatukujaza udongo. Tulikuwa na njaa, na ulisema hakuna kwenda shambani mpaka handaki lijae. Kule bondeni kulikuwa na migomba. Tuliikata tukailaza humu, juu yake nyasi za mapaa yaliyobomolewa, halafu udongo futi mbili. Huo ndio tulioushindilia. Uliposimama na filimbi yako, tulishindilia kwa nguvu sana. Na mgomba ukioza, mzee, hubaki maji na nyuzi."

Akainama, akavuta kitu kutoka kwenye uwazi, akakitupa juu. Kilikuwa kifungu cha nyuzi nyeusi, kirefu, kinachuruzika.

Hirsi alisema astaghfirullah. Fadumo akarudisha funguo kwenye mkunjo, akazifungia kwa mafundo mawili. Aliwaona wanawe wamelala kwenye chumba kile usiku wa mvua za Aprili.

Alidhani Kathuri atapiga kelele. Hata Njuki alikuwa ameinua kiwiko kujikinga. Lakini mzee alikuwa bado amepiga magoti, anaitazama ile migomba iliyooza.

"Mlifanya hivi wangapi?" akauliza.

"Wote."

"Wote, wangapi?"

"Kijiji kizima, mzee."

Kathuri akainua uso, akatazama barabarani. Ilikuwa siku ya soko na watu walikuwa wanateremka na mizigo yao. Mzee Mithika akapita na mbuzi, akainua kofia kumsalimu hedimani. Wanawake wawili wenye ndizi wakasalimu, wakapita. Mwaka mzima walikuwa wanapita hapo. Walimwona akipima kiwanja, wakamwona akileta mawe, wakamwona akipandisha mabati, na kila siku wakasalimu, wakampongeza kwa nyumba nzuri. Hata waashi waliomjengea walikuwa wa hapo hapo. Fadumo aliona jinsi jambo lile lilivyomwingia mzee taratibu, na koti likampwaya mwilini.

Akageuka kwa mkewe, aliyekuwa bado kizingitini pa jikoni. "Marcella. Na wewe ulijua?"

Marcella aliweka ungo wa njahi chini.

"Nilibeba migomba minne," akasema. "Wakati huo ulikuwa bado hujaniita mke wangu. Ulikuwa unaniita 'wewe pale'."

Fadumo, ambaye alikuja kushinda na alikuwa ameshinda, hakuona utamu wake. Alimwonea mzee huruma, kisha akakumbuka filimbi, na huruma ikapungua nusu. Nusu iliyobaki ilitosha kumfanya asiondoke.

"Fundi," akasema, "inatengenezeka?"

"Inatengenezeka, mama. Tubomoe chumba cha nyuma na kipande cha ukuta wa kati. Tuzoe uozo wote mpaka udongo mwekundu usioguswa, tujaze mawe, tujenge upya. Vyumba vya mbele viko juu ya ardhi ngumu, hivyo naviapia."

"Na nani atachimba?" Kathuri akauliza. Aliwatazama tena watu wale wote wanaoteremka sokoni, akajua hakuna atakayemshikia jembe.

"Wewe, mzee," Fadumo akasema. "Si mwenye nyumba ni wewe? Njuki atakuonyesha pa kuanzia. Ukifika kwenye udongo mgumu nitakuja na fundi wangu nitie mkono humo mwenyewe, na nikiridhika ujaze mawe, ujenge; ukuta ukisimama lori ni lako siku hiyo hiyo. Hirsi atangoja. Ngamia hawasomi kalenda."

Hirsi akaenda kuketi kwenye kivuli cha lori.

Kathuri alinyanyuka kwa shida. Alivua koti la kaki, akatafuta pa kuliweka, hakuna aliyelipokea, akaliacha juu ya lundo la udongo. Njuki akatoka shimoni akampisha. Mzee akanyoosha mkono kuchukua jembe.

"Subiri kwanza," Fadumo akamwambia, akaokota pasi ya Njuki pale ukingoni, akaipuliza vumbi, akamkabidhi mzee. "Hii itie sahihi sasa, mikono ingali safi."