Neno la Vidole Vitano

Mwalimu Barnabas alikuwa karani wa reli mchana, na jioni akitufundisha sayansi sisi watu wazima. Jumatatu moja alitangaza kwamba Ijumaa angepeleka majina ya watakaofanya mtihani, na asiyeweza kutamka fotosinthisis jina lake halitakwenda. Ni neno la Kiingereza la namna jani linavyojipikia chakula kwa jua. Alilikata ubaoni vipande vitano: fo, to, sin, thi, sis. Sauti, akasema, ikazwe kwenye kipande cha tatu.

Mimi ni fundi cherehani, na wakati huo nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Mwaka uliotangulia jina langu lilibaki. Ulimi wangu ulikuwa ukifika kipande cha pili unarudi nyumbani. Nikamwomba Mungu anionyeshe njia, kisha nikafanya kama tulivyozoea tangu chuo cha Kurani: jambo likikishinda kichwa, lirudierudie. Nikashika tasbihi, kila punje kipande. Kufika Jumatano neno lilitiririka lenyewe, hata nikikata suruali ya mtu.

Lenyewe hasa. Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, nilikaa msikitini kuvuta uradi wangu wa kweli. Niliposhtuka, jirani yangu Jamaldin, muuza kahawa, alikuwa akiniitikia polepole, amefumba macho: "Sinthisis, sinthisis." Nyuma yake wazee wawili walikuwa wakitikisa vichwa kwa unyenyekevu.

Maalim Badawi, imamu wetu, alingoja waondoke, ndipo akaniuliza uradi ule ni wa twarika gani. Nilimweleza yote huku nikiutazama mkeka. Akanyoosha mkono, akaichukua tasbihi yangu, akaitia mfukoni.

"Hii ni ya Mungu, Kamaludin. Neno lako lina vipande vingapi?"

"Vitano, maalim."

"Na mkono wako una vidole vingapi?"

Ijumaa nilisimama mbele ya darasa, mkono nimeuficha nyuma. Nikaanza na kidole gumba. Kipande cha tatu kikaangukia kidole cha kati, kirefu kuliko vyote, na sauti ikapanda nacho. Mwalimu Barnabas aliandika jina langu bila kuinua kichwa.

Nilipokwenda kuomba tasbihi yangu, maalim aliniuliza maana ya neno lenyewe. Nikamwambia kwamba jani hula jua. Akautazama mrehani uliokuwa kwenye kopo dirishani.

"Subhanallah," akasema, akavuta punje moja ya tasbihi yangu.

Hakunirudishia mpaka zilipotimia thelathini na tatu.